Huntington, mji unaozima chemchemi kila Novemba 14

Kila ifikapo Novemba 14, watu wa Huntington, mji ulio kando ya Mto Ohio katika Jimbo la West Virginia nchini Marekani, hukusanyika kuizunguka chemchemi iliyo katikati ya Chuo Kikuu cha Marshall. Wanafunzi husimama na wazee, na wachezaji wa sasa wa timu ya chuo husimama na watu wenye mvi waliokuwa watoto wadogo mwaka 1970.

Majina 75 hutajwa, maua huwekwa, kisha maji huzimwa.

Chemchemi hiyo hubaki kimya majira yote ya baridi, hadi msimu wa kuchipua majani unapofika ndipo maji yanaporuka tena. Mgeni anayepita chuoni hapo mwezi Januari anaweza kudhani imeharibika. Mwenyeji atamweleza kuwa si mbovu, imo kwenye msiba.

Kwa mzazi aliyewahi kumpakia mtoto kwenye basi la kwenda chuo na kubaki akiangalia simu hadi aambiwe "nimefika salama", habari ya mji huu si ya michezo tu. Inahusu kinachotokea kwa familia, na kwa mji mzima, pale ambapo taarifa ya kufika salama haiji.

MJI NA TIMU YAKE

Huntington ulianza kama mji wa reli, na jina lake linatokana na Collis P. Huntington, tajiri wa reli wa karne ya 19. Mwaka 1970 ulikuwa na watu wapatao 74,000. Chuo chenyewe ni kikongwe kuliko mji. Kilianzishwa mwaka 1837 kikiwa shule ndogo, kikapewa jina la Jaji Mkuu wa Marekani, John Marshall, na mwaka 1961 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu.

Mchezo unaopendwa hapo ni mpira wa Kimarekani. Huu si soka. Mpira wake umechongoka pande mbili kama yai, wachezaji 11 kila upande huvaa helmeti na mito ya mabegani, na kazi kubwa ni kuubeba au kuurusha mpira hadi uvuke mstari wa mwisho wa wapinzani. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Zikiisha bila kufika, mpira unakwenda kwa wenzao.

Nchini Marekani mchezo huu una uzito mkubwa vyuoni. Kijana wa familia isiyo na uwezo anaweza kulipiwa masomo yote kwa sababu ana mbio au mabega mapana. Na katika mji usio na timu kubwa ya kulipwa kama Huntington, timu ya chuo ndiyo timu ya kila mtu, kuanzia daktari na fundi hadi mwenye duka.

Timu ya Marshall inaitwa Thundering Herd, yaani kundi la wanyama linalokwenda kwa kishindo cha radi. Jina hilo lilitokana na riwaya ya Zane Grey ya mwaka 1925, na aliyelipachika kwa timu alikuwa mhariri wa michezo wa gazeti la mjini hapo. Rangi zake ni kijani na nyeupe, na mnyama wake ni baisoni, yule nyati wa Marekani mwenye manyoya mazito shingoni.

Haikuwa timu ya kuogopwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilicheza michezo 27 mfululizo bila kushinda hata mmoja. Mwaka 1969 ilisimamishwa kwenye ligi yake kwa kukiuka kanuni za kusajili wachezaji. Msimu wa 1970, chini ya kocha Rick Tolley mwenye umri wa miaka 30, mambo yalikuwa yameanza kutulia. Vijana walikuwa wametoka sehemu mbalimbali, weusi na weupe. Wanne kati yao walitoka mji mmoja, Tuscaloosa, katika Jimbo la Alabama.

SAFARI YA KURUDI NYUMBANI

Jumamosi ya Novemba 14, 1970, Marshall walicheza ugenini dhidi ya East Carolina, katika Jimbo la North Carolina, wakafungwa 17 kwa 14.

Kwa kawaida timu hiyo haikuwa ikipanda ndege, kwa kuwa michezo yake mingi ilikuwa karibu na basi lilitosha. Safari hii ilikuwa ndefu, hivyo ilikodiwa ndege aina ya DC-9 ya Shirika la Southern Airways. Nafasi zilizobaki zilichukuliwa na watu wa mjini waliokuwa wakiichangia timu fedha na kuifuata ikicheza. Walikuwemo madaktari, wafanyabiashara na viongozi, na wengine walisafiri mume na mke.

Usiku ule Huntington kulikuwa na mvua na ukungu. Uwanja wa ndege upo juu ya kilima, umezungukwa na vilima vingine. Saa 1:35 usiku, ikiwa imebakiza chini ya kilomita mbili kufika mwanzo wa njia ya kutua, ndege iligonga miti juu ya kilima, ikaanguka na kuwaka moto.

Hakuna aliyetoka hai. Walikufa wachezaji 37, watu wanane wa benchi la ufundi akiwemo kocha Tolley, wapenzi wa timu 25 na wahudumu wa safari watano. Jumla ni 75. Hadi leo hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote kuwahi kuikumba timu ya michezo nchini Marekani.

Wachunguzi walihitimisha kwamba ndege ilishuka chini ya kimo kinachoruhusiwa kabla ya marubani kuiona njia ya kutua. Walitaja sababu mbili zinazowezekana: vyombo vya ndani kutosomwa ipasavyo, au hitilafu katika vipimo vya kimo. Jibu moja la uhakika halikupatikana, na familia zililazimika kujifunza kuishi bila jibu hilo.

Wiki sita tu kabla, Oktoba 2, 1970, moja ya ndege mbili zilizobeba timu ya Chuo Kikuu cha Wichita State ilianguka milimani Colorado na kuua watu 31.

WATOTO 70

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Huntington hapakuwa na wa mbali. Siku iliyofuata watu walikusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa mji kwa ibada ya pamoja. Masomo yalisitishwa, na mchezo mmoja uliobaki wa msimu ukafutwa. Siku zilizofuata mazishi yalikuwa mengi kiasi kwamba watu walitoka kaburi moja kwenda jingine.

Idadi inayotajwa zaidi mjini hapo, baada ya ile ya 75, ni ya watoto. Watoto 70 walipoteza angalau mzazi mmoja usiku ule. Kati yao 18 walibaki bila baba wala mama.

Mzazi anayesoma haya anajua kinachofuata kwenye nyumba kama hizo. Kuna babu na bibi wanaoanza kulea upya, shangazi anayeongeza vitanda, na maswali ya usiku yasiyo na majibu. Wakati ule huduma za ushauri nasaha baada ya maafa hazikuwa jambo la kawaida. Hata jina la kitaalamu la msongo unaomkaa mtu baada ya tukio la kutisha liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka 10 baadaye. Watu wengi walibeba mzigo wao kimyakimya, wakarudi kazini na shuleni.

Mmoja wa watoto hao ni Keith Morehouse. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Gene Morehouse, alikuwa mtangazaji wa redio wa michezo ya Marshall na alikuwamo ndani ya ndege. Keith alikua, akawa naye mtangazaji wa michezo katika mji uleule, na akaitangaza timu ileile ambayo baba yake aliifuata hadi kifo. Mwanamke aliyemuoa alipoteza wazazi wote wawili katika ndege hiyohiyo.

WALIOBAKI

Kundi jingine lililoumia kwa namna ya pekee ni la wale ambao walipaswa kuwamo na hawakuwamo.

Kocha msaidizi William "Red" Dawson alikwenda kwenye mchezo, lakini hakurudi kwa ndege. Yeye na msaidizi mwingine waliondoka kwa gari ili wapitie Virginia kumwona kijana waliyetaka kumsajili. Habari ya ajali waliisikia kwenye redio ya gari wakiwa njiani. Ndani ya ndege walikuwa vijana ambao Dawson mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni kwa wazazi wao, akiwaahidi kwamba mtoto wao atakuwa mikononi mwa watu wema.

Dawson alikubali kusaidia kwa msimu mmoja uliofuata, kisha akaacha kabisa kazi ya ukocha na kufungua shughuli za ujenzi hapohapo Huntington. Kwa miaka mingi hakupenda kulizungumzia jambo hilo hadharani.

Nate Ruffin, mmoja wa manahodha, hakusafiri kwa sababu alikuwa majeruhi. Kijana huyo alijikuta akisaidia kuitambua miili ya wenzake. Mchezaji mwingine alikuwa Texas kumzika baba yake, na gazeti la kwao likamwandika miongoni mwa waliokufa.

Madaktari wa afya ya akili wanakitambua kinachowapata watu wa namna hii. Aliyenusurika hujiuliza "kwa nini si mimi?" na hujiona mwenye kosa ingawa hakukosea. Wapo wanaonyamaza, wapo wanaofanya kazi kupita kiasi, na wapo wanaokosa usingizi kwa miaka. Kumwambia "mshukuru Mungu umepona" peke yake hakumsaidii. Kinachomsaidia zaidi ni kupewa nafasi ya kusema anachokijua, bila haraka na bila kuhukumiwa.

WATOTO WA MWAKA WA KWANZA

Swali likaja: timu iendelee au ifutwe? Wapo walioona kwamba kurudi uwanjani ni kuwakosea heshima wafu. Wengine waliona kwamba kuacha ni kuwazika mara ya pili. Rais wa muda wa chuo, Donald Dedmon, na wenzake waliamua kuendelea, na Machi 1971 wakampata kocha Jack Lengyel kutoka Chuo cha Wooster, Ohio.

Lengyel hakuwa na wachezaji. Kanuni za wakati ule ziliwazuia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza timu ya kwanza ya chuo. Marshall waliomba ruhusa maalumu, na chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikakubali. Timu ikajazwa vijana waliotoka sekondari miezi michache kabla, wachache waliobaki kutoka kikosi cha zamani, na wanafunzi waliokuwa wakicheza michezo mingine. Waliitwa Young Thundering Herd, kundi changa.

Msaada ulitoka hata kwa mahasimu. Chuo Kikuu cha West Virginia, wapinzani wao wakubwa wa jimbo, waliweka msalaba wa kijani na herufi MU kwenye helmeti zao. Kocha wao, Bobby Bowden, aliwafungulia Lengyel na wasaidizi wake filamu na vitabu vya mbinu, ili wajifunze mfumo rahisi zaidi kwa vijana wasio na uzoefu. Rais wa nchi, Richard Nixon, naye alituma barua ya kuwatia moyo.

Mchezo wa kwanza walifungwa na Morehead State, 29 kwa 6. Wiki moja baadaye, Septemba 25, 1971, walicheza nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ajali, kwenye uwanja wa Fairfield, dhidi ya Xavier.

Sekunde za mwisho Xavier waliongoza 13 kwa 9. Reggie Oliver, kijana aliyekuwa akiongoza mashambulizi, aliurusha mpira pembeni kwa Terry Gardner, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Gardner alikimbia yadi 13 akavuka mstari, na muda ukawa umeisha. Marshall 15, Xavier 13.

Watu walimiminika uwanjani. Walikuwa wakilia, na si wote waliojua kama ni kwa furaha au kwa huzuni.

Msimu ule walishinda michezo miwili tu na kupoteza minane. Lengyel alikaa misimu minne, akashinda tisa na kufungwa 33. Kwa hesabu za kawaida hayo ni matokeo ya kufukuzisha kocha. Huntington wanamhesabia vingine. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila Jumamosi kuna timu uwanjani, na aliifanya.

MUDA MREFU WA KUPONA

Hapa ndipo hadithi hii inapotofautiana na hadithi nyingi za michezo. Ushindi dhidi ya Xavier haukuponya kitu. Timu iliendelea kufungwa katika miaka yote ya 1970. Msimu wa kwanza ambao ushindi ulizidi kufungwa ulikuja mwaka 1984, miaka 14 baada ya ajali.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1992 Marshall walitwaa ubingwa wa taifa wa daraja lao la vyuo kwa kuwafunga Youngstown State 31 kwa 28. Mwaka 1996 walirudia, wakiwa na Randy Moss, kijana ambaye baadaye alivuma kwenye ligi ya kulipwa. Mwaka uliofuata walipanda daraja la juu, na mwaka 1999 wakashinda michezo yote 13. Hakuna timu ya vyuo ya madaraja ya juu iliyoshinda michezo mingi kuliko Marshall katika miaka ya 1990. Walishinda 114.

Mwaka 2006 ilitoka filamu ya We Are Marshall, Matthew McConaughey akiigiza kama Lengyel na Matthew Fox kama Dawson. Jina la filamu ni ule mwitikio wa mashabiki uwanjani. Upande mmoja hupaza sauti "Sisi ni", upande wa pili hujibu "Marshall". Siku za mchezo, mitaa ya Huntington hujaa kijani, na watoto wa chekechea huujua mwitikio huo kabla ya kujua maana yake.

Ndiyo maana, mtoto anapouliza maana, mji una pa kumpeleka.

MLIMA WA MAKABURI

Pa kwanza ni kwenye chemchemi. Ilizinduliwa Novemba 1972, kazi ya mchongaji Harry Bertoia, mzaliwa wa Italia. Ina kimo cha karibu mita nne na uzito wa karibu tani tatu, imetengenezwa kwa vyuma vilivyosimama kama mashina yanayochanua juu. Bertoia alitaka maji yapande, yaoneshe uhai na si kifo.

Pa pili ni makaburi ya Spring Hill, juu ya kilima kinachoutazama mji. Hapo kuna mnara, na kando yake wamezikwa wachezaji sita ambao miili yao haikutambulika kwa uhakika. Wachezaji wapya wa timu hupelekwa huko, wakasimama mbele ya majina ya vijana wa umri wao.

Nate Ruffin, nahodha aliyebaki nyumbani na kuishia kuwatambua wenzake, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 2001. Amezikwa Spring Hill, pembeni ya wale sita.

Mwaka 2020, ajali ilipotimiza miaka 50, chuo kiliwatunuku wanafunzi waliokufa shahada ambazo hawakuwahi kumaliza kuzisomea. Familia zilipokea vyeti vya watoto ambao sasa wangekuwa babu.

CHA KUCHUKUA NYUMBANI

Nyumba nyingi, kifo kinapotokea, mtoto huambiwa "baba amesafiri" au "mama amelala". Nia ni njema. Lakini mtoto humsubiri msafiri, na mwingine huanza kuogopa kulala. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto hushauri maneno ya wazi kulingana na umri: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa lako. Mtoto apewe nafasi ya kuuliza swali lilelile mara nyingi, ashirikishwe kwenye mazishi au kumbukumbu akitaka, na ratiba zake za kula, kulala na shule zisivurugwe zaidi ya inavyolazimu.

Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Anaweza kulia asubuhi na kucheza mchana, na hilo si dalili ya kusahau. Ila akijitenga kwa wiki nyingi, akikataa shule au chakula, au akizungumzia kutaka kumfuata marehemu, apelekwe hospitali mapema aonwe na mtaalamu.

Familia pia inaweza kuwa na chemchemi yake. Si lazima iwe ya chuma. Inaweza kuwa siku moja kwa mwaka ya kupika chakula alichokipenda marehemu, kutoa picha kabatini na kutaja jina lake kwa sauti mbele ya watoto, kisha kesho yake maisha yakaendelea.

Huntington wamefanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kila Novemba wanazima maji, na kila msimu wa kuchipua wanayafungulia tena.